Ubora wa Picha na Uzito wa Faili: Suala la Panorama katika Mtandao

1. Utangulizi

Neno panorama limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki: pan, yaani "yote", na horama, yaani "kinachoonekana". Lilianza kutumika mwishoni mwa karne ya 18 kuhusu michoro mikubwa ya mviringo ya Robert Barker, mchoraji mzaliwa wa Ireland, ambaye alipata hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1787. Mwaka 1793 jengo maalumu lilifunguliwa katika Leicester Square, London. Humo mtazamaji alilipa kiingilio, akasimama katikati na kugeuka atakavyo; popote alipoelekeza macho alikuta sehemu nyingine ya mandhari ile ile isiyokatika.

Panorama ya leo ni mrithi wa mchoro huo, ila mambo mawili yamebadilika. Kwanza, kazi ya mchoraji imechukuliwa na kamera na kompyuta. Pili, mtazamaji haendi tena kwenye picha, bali picha ndiyo inayosafiri kumfuata alipo, na nauli ya safari hiyo hupimwa kwa baiti. Mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayetaka kuuona ndani msikiti wa kale wa Kizimkazi, kisiwani Unguja, hana haja ya kuvuka ziwa na bahari. Lakini kila sehemu ya ukuta atakayoiona italipwa kwa zile "mega" anazonunua kwa fedha zake mwenyewe. Faili likiwa zito mno, ataliacha kabla halijafunguka. Likiwa limepunguzwa ovyo, ataona ukuta ambao si ule uliopo.

Makala haya yanaeleza uzito wa panorama hutoka wapi, hupunguzwaje, na upunguzaji huo hugharimu nini. Hoja yake kuu ni kwamba zipo njia mbili za kupunguza uzito ambazo aghalabu huchanganywa, ijapokuwa madhara yake si ya aina moja: ya kwanza huacha jambo bila kulisema, na ya pili, ikipita kiasi, husema jambo ambalo halikuwapo. Kwa mtu anayetafuta picha ya kupamba chumba, tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtafiti anayesoma maandishi ya kale, ni kubwa mno.

2. Duara linavyotandazwa

Panorama kamili hupatikana kwa kupiga picha nyingi kutoka sehemu moja, kila moja ikipandana kidogo na jirani yake, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta. Matokeo yake ni tufe lililomzunguka mpiga picha pande zote, pamoja na juu na chini. Lakini faili la picha ni mstatili, wala si tufe. Hivyo hapana budi tufe litandazwe, kama wachora ramani wanavyoitandaza dunia juu ya karatasi.

Utandazaji unaotumika zaidi hufuata longitudo na latitudo. Nyuzi 360 za mzunguko huwekwa kwa upana, na nyuzi 180 za kutoka juu hadi chini huwekwa kwa urefu. Ndiyo maana upana wa panorama ya namna hii huwa mara mbili ya urefu wake. Utaratibu huu ni rahisi kwa kompyuta, lakini una ubadhirifu ndani yake. Katika ramani ya dunia, ncha ya kaskazini, ambayo ni nukta moja tu, hunyooshwa ikawa mstari mzima. Ndivyo ilivyo katika panorama: safu ya juu kabisa ya picha, hata ikiwa na pikseli maelfu, huonyesha nukta moja ya dari. Kwenye latitudo ya nyuzi 60, kila kitu kimevutwa kwa upana mara mbili ya ukubwa wake wa haki.

Hesabu yake ni hii. Sehemu zilizo juu ya nyuzi 60 na zile zilizo chini ya nyuzi 60 huchukua theluthi moja ya pikseli zote za mstatili. Hata hivyo, katika tufe lenyewe sehemu hizo ni asilimia 13.4 tu ya kinachoonekana. Aghalabu ni anga tupu au dari kwa upande wa juu, na sakafu pamoja na miguu ya kamera kwa upande wa chini. Kwa hiyo, kabla hata suala la ubora halijaguswa, sehemu kubwa ya nauli hulipwa kwa ajili ya mambo ambayo hakuna aliyetaka kuyaona. Dawa mojawapo ni kuligawa tufe katika nyuso sita za mchemraba, ambazo hazivuti ncha kwa kiasi hicho. Dawa nyingine, iliyo rahisi zaidi, ni kulainisha kidogo sehemu za juu na za chini kabla ya kubana faili, kwa sababu eneo laini hubanwa kwa baiti chache kuliko eneo lenye chembechembe nyingi.

3. Uzito unatoka wapi

Pikseli ni nukta moja ya rangi. Kila pikseli huandikwa kwa namba tatu, na kila namba huchukua baiti moja. Panorama yenye upana wa pikseli 4096 na urefu wa 2048 ina pikseli 8,388,608. Kabla ya kubanwa, uzito wake ni baiti 25,165,824. Upana ukiongezwa mara mbili hadi 8192, urefu nao huongezeka mara mbili, na pikseli huwa 33,554,432, yaani baiti 100,663,296. Hapa msomaji azingatie jambo ambalo hupotosha wengi: upana ukizidi mara mbili, uzito huzidi mara nne.

Faili hilo la baiti milioni 100 likipita katika mtandao wenye mwendo wa megabiti 1 kwa sekunde, litahitaji zaidi ya dakika 13 kufika. Likipunguzwa hadi baiti milioni 2.1, litafika kwa takriban sekunde 17. Kati ya dakika 13 na sekunde 17 ndipo inapoamuliwa kama picha itaonwa au haitaonwa. Suala hili si geni. Mwaka 1995, kampuni ya Apple ilipotoa QuickTime VR, programu iliyowawezesha watu kuzungusha panorama kwenye kompyuta zao, mtu aliyetumia modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde alisubiri zaidi ya dakika mbili ili kupokea faili la baiti 500,000. Mitandao imeongeza mwendo tangu hapo, lakini kamera nazo zimeongeza pikseli, na mtazamaji aliye mbali na miji mikubwa bado hubeba mzigo wa mashindano hayo.

4. Kubana bila kupoteza

Wanaisimu wana njia ya mkato ya kulielewa suala la kubana, kwa sababu lugha yenyewe hujaa mambo yanayorudiwa. Katika sentensi "Kitabu kile kikubwa kimeanguka", alama ya ngeli imetajwa mara nne. Mtu anayejua kanuni za upatanisho wa kisarufi angeweza kuiandika mara moja tu, na msomaji anayejua kanuni hizo hizo akairejesha mahali pote inapostahili, bila kupoteza hata herufi moja. Claude Shannon, katika kazi yake ya mwaka 1948 kuhusu nadharia ya habari, alionyesha kwamba ziada ya namna hiyo hupimika kwa hesabu. Miaka minne baadaye, 1952, David Huffman alichapisha mbinu ya kuipa alama inayotokea mara nyingi kodi fupi, na alama inayotokea kwa nadra kodi ndefu. Wazo hilo ni jamaa wa desturi ya lugha ya kufupisha maneno yanayosemwa kila siku.

Kubana kwa namna hii hakupotezi kitu: kinachofunguliwa ni sawasawa na kilichofungwa. Muundo wa PNG, ulioanza mwaka 1996, hufuata njia hiyo. Lakini faida yake kwa picha za kamera ni ndogo. Picha ya ukuta wa mawe ya matumbawe haina pikseli mbili jirani zinazolingana kabisa. Kila moja hutofautiana na mwenzake kidogo, na tofauti hizo ndogondogo hazina kanuni ya kuzirejesha. Ili uzito ushuke kweli, hapana budi kitu fulani kitupwe. Swali ni kipi.

5. Kubana kwa kupoteza

Muundo wa JPEG, ambao kiwango chake kilikubaliwa mwaka 1992, hujibu swali hilo kwa kufuata udhaifu wa jicho la binadamu. Hatua zake ni nne.

Kwanza, mwangaza hutenganishwa na rangi. Jicho hutambua tofauti za mwangaza kwa makini kuliko tofauti za rangi. Kwa hiyo mara nyingi taarifa za rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu. Hatua hiyo peke yake huondoa nusu ya data, na watazamaji wengi hawatambui lolote.

Pili, picha hukatwa katika vipande vidogo vya pikseli 8 kwa 8. Kila kipande, chenye pikseli 64, huelezwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi 64 ya aina mbalimbali, kuanzia yale mapana yanayoeleza mwangaza wa jumla hadi yale membamba yanayoeleza chembe na kingo kali. Mbinu hiyo ya mawimbi ya kosaini ilielezwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao.

Tatu, kila wimbi hupewa namba, na namba hiyo hugawanywa kisha ikakadiriwa kuwa namba nzima iliyo karibu. Mawimbi membamba hugawanywa kwa namba kubwa, na mengi yake huishia kuwa sifuri. Hapa ndipo hasara kubwa hutokea, na haiwezi kurudishwa.

Nne, namba zilizobaki, ambazo sasa zina sifuri nyingi zilizofuatana, hubanwa bila kupoteza, aghalabu kwa mbinu ya Huffman.

Ile "namba ya ubora" ambayo programu humwomba mtumiaji achague, mara nyingi kati ya 1 na 100, huamua jinsi mgawanyo wa hatua ya tatu utakavyokuwa mkali. Namba hiyo si asilimia. Ubora 80 haumaanishi kwamba asilimia 80 ya picha imehifadhiwa, wala ubora 80 wa programu moja si lazima ulingane na ubora 80 wa programu nyingine. Kwa hiyo ushauri wa kutumia namba fulani daima hauna msingi imara; kinachoaminika ni kuyatazama matokeo.

6. Kunyamaza na kuzua

Sasa yapo mambo mawili mkononi mwa mtayarishaji: vipimo vya picha na ukali wa kubana. Tuseme ameamua kwamba faili lake lisizidi baiti milioni 2.1. Anaweza kufika hapo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kupunguza upana hadi pikseli 4096 na kubana kwa upole, kila pikseli ikigharimu wastani wa biti 2. Ya pili ni kubaki na upana wa pikseli 8192 na kubana kwa ukali, kila pikseli ikigharimu wastani wa nusu biti. Uzito katika hali zote mbili ni baiti 2,097,152, bila tofauti hata ya baiti moja. Je, picha hizo zina thamani sawa?

Msikiti wa Kizimkazi unafaa kuwa mfano. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ilijengwa upya katika karne ya 18, lakini kwenye kibla yake yamehifadhiwa maandishi ya Kikufi yaliyochongwa, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na mwaka 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani yote ya Waswahili. Tuchukulie, kwa ajili ya kukadiria tu, kwamba kamera imesimama mita 2 kutoka ukutani, na kwamba mkono wa herufi una unene wa sentimita 1. Duara lenye nusukipenyo cha mita 2 lina mzingo wa takriban mita 12.57, sentimita 1 ni sehemu moja kati ya 1257 za mzingo huo. Katika panorama yenye upana wa pikseli 8192, mkono wa herufi utachukua pikseli 6.5. Katika upana wa 4096 utachukua 3.3, na katika upana wa 2048 utachukua 1.6 tu.

Kwa hesabu hiyo, njia ya pili huonekana bora, kwani ina pikseli nyingi kwa kila herufi. Lakini kingo kali ya herufi iliyochongwa huhitaji mawimbi yote, hasa yale membamba. Mawimbi membamba yakitupwa, mapana yanayobaki hayawezi kuikamilisha kingo: hupita kiasi upande huu, hupungua upande ule, na kuacha viwimbi hafifu pembeni mwa herufi. Viwimbi hivyo havipo juu ya jiwe. Vimezaliwa na hesabu. Na kwa kuwa kila kipande cha pikseli 8 kwa 8 hubanwa peke yake, mipaka ya vipande nayo hujitokeza kama mistari iliyonyooka, hasa katika kivuli na katika rafu za mwangaza laini. Mtu anayejaribu kuamua kama mstari mwembamba pembeni mwa herufi ni pambo la mchongaji, ufa wa jiwe au mwanzo wa herufi nyingine, amewekewa ushahidi wa uongo.

Njia ya kwanza haina hatari hiyo kwa kiwango kile. Picha iliyopunguzwa vipimo kwa utaratibu mzuri, yaani kwa kuchukua wastani wa pikseli jirani, huonyesha herufi ndogo na zenye ukungu. Msomaji hutambua mara moja kwamba haoni vya kutosha, na hutafuta nakala iliyo bora. Wahariri wa miswada wanaifahamu tofauti hii vizuri. Pengo katika mswada uliotafunwa na mchwa ni hasara, lakini ni hasara inayojitangaza; neno lililobuniwa na mnakili ili kuziba pengo ni hasara iliyojificha, na huweza kupita kizazi hadi kizazi likiaminiwa kuwa ni la mtunzi. Kupunguza vipimo ni kunyamaza. Kubana kupita kiasi ni kuzua.

Haifuati kwamba kubana kwa ukali ni kosa kila mahali. Katika panorama ya soko au ya bonde lenye majani, viwimbi hufichwa na wingi wa mambo, na mtazamaji hufaidika na pikseli za ziada. Kanuni hubadilika kulingana na kile ambacho picha inatakiwa kushuhudia.

Onyo hili linahusu pia programu za akili bandia zinazodai kuikuza picha ndogo na kuirudishia ukali wake. Programu hizo haziwezi kujua kilichokuwa juu ya jiwe. Hujaza kile ambacho kwa kawaida hufanana nacho. Matokeo yake hupendeza macho, lakini kwa mtafiti ni mnakili mwingine anayeziba pengo kwa neno lake.

7. Kiasi kinachotosha

Ubora hauna maana bila mtazamaji. Skrini ya simu yenye upana wa pikseli 1080, inayoonyesha nyuzi 90 za mandhari kwa wakati mmoja, haiwezi kunufaika na panorama ya upana wowote. Upana unaotosha hupatikana kwa kuzidisha upana wa skrini kwa 360, kisha kugawanya kwa nyuzi zinazoonekana: 1080 mara 360, gawanya kwa 90, ni 4320. Kwa skrini ya kompyuta yenye pikseli 1920, hesabu hiyo hutoa 7680. Makadirio haya hayajazingatia mtazamaji anayevuta picha karibu ili kuchunguza jambo dogo. Lakini huonyesha kwamba, kwa matumizi ya kawaida ya simu, upana wa takriban 4096 haupungukiwi sana, na kwamba pikseli zinazozidi hapo hulipiwa bila kuonekana.

Baada ya kuchagua vipimo, ukali wa kubana uamuliwe kwa kukagua sehemu tatu zilizokuzwa. Ya kwanza ni eneo laini, kama anga au ukuta uliopakwa chokaa, ambako mipaka ya vipande hujitokeza mapema. Ya pili ni kingo kali, kama herufi au nakshi ya mlango, ambako viwimbi huzaliwa. Ya tatu husahauliwa mara nyingi: ni ukingo wa kushoto na wa kulia wa mstatili. Kingo hizo mbili hukutana nyuma ya mtazamaji picha inapozungushwa, lakini mbano huzishughulikia kama mambo mawili yasiyojuana. Ubanaji ukizidi, mstari wa wima huonekana pale zinapoungana.

Miundo mipya hupunguza uzito zaidi. WebP ilitangazwa na Google mwaka 2010, na AVIF ilifuata mwaka 2019. Kwa mwonekano unaokaribiana, mafaili yake kwa kawaida huwa mepesi kuliko ya JPEG. Hata hivyo vifaa vya zamani huenda visiyafungue, na WebP ina mpaka unaowagusa watengenezaji wa panorama moja kwa moja: haipokei picha yenye upana unaozidi pikseli 16,383. Panorama yenye upana wa 16,384 huzidi mpaka huo kwa pikseli moja.

8. Kutuma kile kinachotazamwa

Ipo njia inayopunguza ukali wa mgongano wenyewe. Mtu aliyesimama katikati ya duara hatazami pande zote kwa pamoja. Kwa nini basi atumiwe pande zote? Panorama yenye upana wa 8192 hukatwa katika vigae vya pikseli 512 kwa 512, ambavyo idadi yake ni 128. Kisha hutengenezwa nakala za upana wa 4096, 2048 na 1024, nazo zikakatwa vivyo hivyo katika vigae 32, 8 na 2. Mtazamaji hupokea kwanza vigae viwili vya nakala ndogo, ambavyo humwonyesha mandhari yote kwa ukungu. Anapoelekeza macho upande mmoja, vigae vya upande huo peke yake huletwa. Kwa mtazamo wa nyuzi 90 kwa 60, vigae vya ubora wa juu vinavyohitajika ni takriban 20 kati ya 128. Huduma ya Street View ya Google, iliyoanza mwaka 2007, hutuma panorama zake kwa njia ya vigae.

Gharama ya njia hii humwangukia mwenye hifadhi, wala si mtazamaji: vigae vyote kwa jumla ni 170 badala ya 128, yaani ongezeko la karibu theluthi moja la nafasi. Lakini ina udhaifu mmoja ambao katika mazingira ya vyuo vya Kongo haufai kupuuzwa. Vigae huhitaji mtandao ulio wazi muda wote. Faili moja la baiti milioni 2 huweza kupakuliwa mara moja, likahifadhiwa kwenye simu au kwenye flashi, na kupita mkono kwa mkono darasani hata umeme na mtandao vikikatika. Kwa hiyo vigae visichukue nafasi ya faili moja jepesi. Viwili hivyo vikae pamoja, na mtazamaji achague.

9. Nakala ipi itunzwe

Yote yaliyosemwa hapo juu yanahusu nakala ya kusambazwa. Nakala ya kutunzwa ni suala jingine, na kuyachanganya mawili hayo ndilo kosa lisilo na tiba. Kila mara picha ya JPEG inapofunguliwa, kubadilishwa na kuhifadhiwa tena kama JPEG, hatua ya tatu hurudiwa na hasara mpya huweza kuongezwa juu ya ile ya zamani. Huduma nyingi za ujumbe wa simu hubana upya kila picha inayopita, na hufuta maelezo yaliyoambatana nayo, yakiwemo yale yanayoiambia programu kwamba mstatili huo ni panorama ya kuzungushwa.

Thamani ya nakala asilia huonekana wazi pale jengo lenyewe lilipo hatarini. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kuanzia mwaka 2004 hadi 2014. Zamani Project ya Chuo Kikuu cha Cape Town, ambayo jina lake ni neno la Kiswahili, imeyarekodi magofu hayo kwa vipimo vya leza na kwa picha. Ukuta ukishabomoka, haupigwi picha tena. Nakala iliyobanwa leo ili iwe nyepesi haitageuka kuwa nzito kesho, hata mitandao ya kesho iwe na mwendo gani.

Utaratibu unaofaa, basi, ni kuwa na nakala tatu. Nakala asilia iwe katika muundo usiopoteza, kama TIFF au PNG, na ihifadhiwe angalau mahali pawili. Nakala ya utafiti iwe na vipimo kamili na ibanwe kwa upole, ili apewe anayehitaji kusoma maandishi au kuchunguza nakshi. Nakala ya kusambaza ipunguzwe vipimo, na ndiyo itakayowafikia walio wengi. Kila moja iandikwe mahali na tarehe ilipopigwa picha, vipimo vyake, na jinsi ilivyobanwa, ili mtazamaji ajue ni kipi anachoweza kukiamini na ni kipi ambacho picha hiyo haina uwezo wa kukisema.

10. Hitimisho

Mizani kati ya ubora na uzito haipimwi kwa namba moja inayofaa picha zote. Hupimwa kwa maswali matatu: nani atatazama, kwa skrini gani na mtandao gani, na picha inatakiwa kushuhudia nini. Pale baiti zinapokuwa chache na picha ni ushahidi, ni afadhali kupunguza vipimo kuliko kuongeza ukali wa kubana, kwa sababu herufi isiyosomeka humtuma msomaji kwenye nakala asilia, ilhali herufi iliyozuliwa humzuia kwenda. Idara na maktaba zinazokusanya picha za majengo, makaburi na miswada zina wajibu wa pande mbili ambao haupingani: kuitunza nakala nzito pasipo kupunguza kitu, na kuitoa nakala nyepesi pasipo kumbebesha mwanafunzi nauli asiyoiweza.